Uteuzi wa Machaguo ya Kiendeshi cha Kerneli katika Usomaji wa Kanda za Sumaku za Zamani: Mfano wa Kumbukumbu za Delta ya Rufiji na Kibiti

Utangulizi

Delta ya Rufiji, ambayo kiutawala sehemu yake kubwa sasa imo katika Wilaya ya Kibiti, ina msitu wa mikoko wa takribani hekta 53,000. Umbo la delta hiyo halijawahi kutulia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji ya mto iliachana na matawi ya kusini ikaelekea yale ya kaskazini, nao wakulima wa mpunga wakayafuata maji. Tangu Desemba 2022 mto umezuiwa huko juu na bwawa la Julius Nyerere. Aidha, mafuriko ya Aprili 2024 yalizikumba Rufiji na Kibiti. Swali la kipi kimeletwa na mvua, kipi na bwawa, na kipi ni tabia ya delta yenyewe linawahusu watu waliopoteza mashamba, wala si wataalamu peke yao.

Swali hilo halijibiki bila data za kabla ya mabadiliko. Picha za setilaiti za Landsat zilianza kupigwa mwaka 1972, na kwa miaka mingi zilisambazwa kwa watafiti katika kanda za sumaku zenye njia tisa. Data za mitetemo ya ardhi zilizokusanywa na watafutaji wa mafuta na gesi katika miaka hiyo, ukiwemo mwaka 1974 ambapo kampuni ya Agip iligundua gesi ya Songo Songo, nazo zilihifadhiwa kwa kawaida katika kanda za namna hiyo. Mara nyingi hudhaniwa kwamba ugumu wa kuzisoma kanda hizo leo ni kupata mashine inayozunguka. Mashine ni tatizo kweli, lakini ni tatizo linaloonekana: mashine iliyokufa haisomi kitu, na kila mtu anajua kwamba haikusoma. Makala haya yanashughulikia tatizo jingine, lile la usomaji unaokamilika bila malalamiko yoyote ilhali data zilizotoka si zile zilizoandikwa. Chanzo chake kikubwa ni machaguo ya kiendeshi, yaani ile sehemu ya kerneli ya mfumo endeshi inayozungumza na mashine ya kanda. Mfumo unaorejelewa ni Linux, ambao bado una kiendeshi kiitwacho st, kilichoandikwa na Kai Mäkisara wa Ufini, kwa mashine zinazounganishwa kwa njia ya SCSI.

Si kila mashine ya zamani imebaki na bahati hiyo. Kiendeshi cha ftape, kilichohudumia kanda za robo inchi zilizounganishwa kwenye kidhibiti cha diski laini, kiliondolewa katika kerneli 2.6.20 ya mwaka 2007. Viendeshi vya zamani vya IDE, pamoja na kile cha kanda, viliondolewa katika kerneli 5.14 ya mwaka 2021. Anayemiliki kanda za aina hizo huenda akahitaji kutumia kompyuta yenye kerneli ya wakati wake, isiyounganishwa na mtandao.

Bloku na nafasi iliyo kati yake

Diski hugawanywa katika vipande vilivyo sawa. Kanda ya njia tisa haiko hivyo. Mwandishi wa kanda aliandika bloku ya urefu alioutaka, akaacha nafasi tupu, kisha akaandika bloku nyingine ambayo urefu wake uliweza kuwa tofauti kabisa. Katika msongamano wa biti 1,600 kwa inchi nafasi hiyo ilikuwa inchi 0.6, mahali ambapo baiti 960 zingeweza kukaa.

Picha ghafi ya Landsat ya kizazi cha kwanza ilikuwa na mistari ipatayo 2,340, kila mstari nukta zipatazo 3,240, katika mikanda minne ya mwanga. Hizo ni baiti milioni 30 hivi. Ikiwa kila mstari wa kila mkanda uliandikwa kama bloku moja, bloku hiyo hula inchi 2.025, na pamoja na nafasi yake inchi 2.625. Bloku 9,360 huchukua basi inchi 24,570, sawa na futi 2,047 hivi, ambazo hutosha katika kanda ya kawaida ya futi 2,400. Kwa msongamano wa biti 800 picha hiyohiyo ilidai kanda mbili. Hesabu hii ina faida kwa msomaji wa leo: kabla ya kugusa mashine anaweza kukadiria bloku ngapi anazitarajia, na akipata pungufu atajua.

Mpaka kati ya bloku na bloku, kwa hiyo, ni sehemu ya data. Katika muundo wa SEG-Y wa data za mitetemo, uliotangazwa mwaka 1975, bloku ya kwanza ina baiti 3,200 za maelezo, ya pili baiti 400, na kila rekodi inayofuata ina kichwa cha baiti 240 pamoja na sampuli zake. Rekodi ya sampuli 1,500 za baiti nne nne huwa na baiti 6,240. Urefu aina tatu katika kanda moja, na hakuna hata mmoja unaogawanyika kwa 512.

Ukubwa wa bloku

Hapo ndipo chaguo la kwanza linapoingia. Kiendeshi cha st kinaweza kusoma kwa bloku za urefu usiobadilika au kwa bloku za urefu wowote. Mashine ikiwa imeachwa katika hali ya baiti 512, kanda ya SEG-Y itakataa kusomeka katika bloku ya kwanza kabisa, na mtafiti asiyejua ataandika kwenye daftari kwamba kanda imeharibika. Kanda nzima huweza kutupwa kwa sababu hiyo. Amri ifaayo ni hii:

mt -f /dev/nst0 setblk 0

Sifuri humaanisha urefu wowote. Herufi n katika nst0 nayo ina kazi: kifaa kiitwacho st0 huirudisha kanda mwanzoni kila programu inapokifunga, na anayekitumia husoma faili ya kwanza mara tano akidhani amesoma faili tano.

Katika hali ya urefu wowote, kila ombi la kusoma huleta bloku moja, na bafa ya programu lazima iwe kubwa kuliko bloku ndefu zaidi iliyomo. Ikiwa ndogo, kiendeshi hurudisha kosa la kukosa kumbukumbu, jina linalopotosha kwa kuwa kompyuta haijakosa kumbukumbu yoyote. Lililo baya ni kwamba wakati kosa linatangazwa bloku hiyo imeshapita chini ya kichwa cha kusomea. Programu iliyoamriwa kuvumilia makosa itaendelea na bloku inayofuata, na bloku iliyopita haitakuwamo katika nakala. Programu ya dd ikipewa chaguo la kuvumilia makosa pamoja na lile la kujaza sifuri, huzidisha madhara: bloku ya baiti 3,200 hujazwa sifuri hadi ifikie ukubwa wa bafa, tuseme baiti 65,536, na matokeo yake ni faili kubwa inayotia moyo na isiyo na maana. Machaguo hayo mawili yanafaa kwa diski mbovu. Kuyahamishia kwenye kanda ni mazoea mabaya, ingawa yameenea.

Hasara yake kwa delta inapimika. Katika Landsat ya kizazi cha kwanza mistari ilipishana kwa mita 79 hivi, na nukta kwa mita 57. Mistari huenda kutoka kaskazini kuelekea kusini. Bloku moja ikipotea, kila kilicho chini yake husogea mita 79 kaskazini. Bloku tano zikipotea, ukingo wa Msala au wa Kiongoroni utaonekana umehama karibu mita 400. Mtafiti anayelinganisha picha hiyo na ya leo ataandika juu ya mmomonyoko ambao haukutokea, na andiko lake litaingia katika mjadala wa bwawa.

Chaguo la sili

Kosa lililoelezwa hapo juu angalau hutangazwa. Chaguo liitwalo sili huweza kuondoa hata tangazo hilo. Kazi yake ni kuiambia mashine isilalamike pale urefu wa bloku unapotofautiana na ulioombwa, na lengo lake ni kasi. Kwa kawaida limezimwa, na maelezo ya kiendeshi chenyewe yanaonya kwamba liwashwe tu pale mtumiaji anapokuwa na hakika kwamba mashine inalikubali na kwamba kadi ya SCSI inaripoti sawasawa idadi ya baiti zilizobaki bila kupokelewa. Kadi ikikosea katika hesabu hiyo, kiendeshi huamini kuwa bloku fupi ilikuwa ndefu, na mkia wake hujazwa na chochote kilichokuwa kimebaki katika bafa, mara nyingi mabaki ya bloku iliyotangulia. Mabaki hayo yana sura ya data halali. Jicho haliyatambui.

Kasi ya mashine ya miaka ya 1980 haistahili hatari hiyo. Inapendekezwa chaguo hilo lizimwe waziwazi hata kama tayari limezimwa, kwa sababu faili ya mipangilio iliyoachwa na mtu mwingine huenda ililiwasha:

mt -f /dev/nst0 stclearoptions sili fast-eod

Jina la pili katika amri hiyo linahusu kukimbilia mwisho wa data. Kanda mpya zina alama maalumu ya mwisho. Kanda ya njia tisa haina. Kwa desturi alama mbili za mwisho wa faili zikifuatana zilimaanisha kwamba data zimekwisha, lakini nyuma yake huweza kuwamo masalia ya matumizi ya awali, au ukimya unaoifanya kanda ichomoke kwenye gurudumu. Ni salama zaidi kwenda faili kwa faili na kuhesabu. Kubadili machaguo haya kunahitaji mamlaka ya msimamizi wa mfumo, na hupotea kompyuta ikizimwa. Yanapaswa kuandikwa katika faili ya /etc/stinit.def ili programu ya stinit iyarejeshe.

Msongamano

Kanda za biti 1,600 na 6,250 kwa inchi hujitambulisha kwa mlio mfupi ulioandikwa mwanzoni mwa kanda, na mashine nyingi huutambua zenyewe. Kanda za biti 800 hazina utambulisho huo. Kwa hizo ni lazima msimbo uwekwe kwa mkono, nao ni 0x01; wa 1,600 ni 0x02, na wa 6,250 ni 0x03. Si kila mashine iliwekewa vifaa vya kusoma 800, na hakuna chaguo la kerneli litakaloziba pengo hilo.

Umuhimu wa kupatia mara ya kwanza unatokana na kanda yenyewe. Gundi inayoshika chembe za sumaku katika kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu, na joto na unyevu wa pwani huchochea kuharibika huko. Kanda iliyonata huacha chembe zake kwenye kichwa cha mashine, na pengine mzunguko wa kwanza ndio wa mwisho wenye manufaa. Jaribio la kubahatisha ukubwa wa bloku huweza kuugharimu mzunguko huo. Kwa sababu hiyo pia pete ya kuruhusu kuandika huondolewa kabla kanda haijapachikwa.

Uhakiki

Kanda ya Landsat yenye picha ya delta ina faida ambayo kanda ya mitetemo haina: tangu mwaka 2008 Marekani imeifanya hazina ya Landsat kuwa huru kwa wote, na picha ya siku hiyohiyo huenda ikapatikana bila malipo. Kwa hiyo kanda kama hiyo ifae kwanza kuwa kipimo cha mipangilio. Baiti hazitalingana moja kwa moja, kwani picha ya hazina imeshanyooshwa ili ioane na ramani. Vinavyolinganishwa ni umbo la mikondo, mpaka wa mikoko, na idadi ya mistari. Kipo pia kipimo cha ndani. Picha ikiwa imepangwa mkanda baada ya mkanda, bloku iliyopotea katika mmoja huufanya usioane na mingine mitatu, na kingo za visiwa hutoa rangi mbilimbili kuanzia mstari ule ulipopotea. Mipangilio ikivuka majaribio hayo ndipo ielekezwe kwenye kanda ambazo nakala yake haipo kwingine.

Nakala haipaswi kuwa faili iliyounganishwa mfululizo, kwa kuwa mipaka ya bloku hupotea humo. Muundo wa SIMH hutanguliza na kufuatisha urefu wa kila bloku kwa baiti nne, na huandika sifuri nne pale palipo na alama ya mwisho wa faili. Kutokana nao kanda inaweza kujengwa upya ilivyokuwa. Pamoja na nakala huwekwa toleo la kerneli, aina ya kadi na ya mashine, ukubwa wa bloku uliowekwa, msimbo wa msongamano, hali ya kila chaguo, na idadi ya bloku kwa kila faili ikilinganishwa na iliyotarajiwa. Jina la mahali hunakiliwa kama lilivyo kwenye lebo. Kanda ya wakati huo itasema Rufiji hata kama mstari wake ulipita Mbuchi au Maparoni, na atakayeitafuta kwa jina la Kibiti hataipata isipokuwa majina yote mawili yameandikwa katika rekodi ya katalogi.