Funzo la Mzee Ojwang kwa Kaskazini Mashariki

MAREHEMU Benson Wanjau, aliyefahamika kama Mzee Ojwang katika kipindi cha Vitimbi cha KBC, aliwachekesha Wakenya kwa zaidi ya miongo mitatu. Wengi walishangaa kutambua kwamba mzee huyo, aliyezungumza Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo, alikuwa Mkikuyu.

Hilo ndilo funzo la kwanza. Lafudhi haimweki mtu nje ya jamii. Mjini Garissa, Wasomali, Wamunyoyaya, Wamalakote na wafanyakazi kutoka bara hukutana katika Kiswahili, kila mmoja akiwa na matamshi yake.

Funzo la pili ni kwamba mzaha una mipaka. Ojwang alichekwa kwa sababu ya hila zake, ambazo mkewe, Mama Kayai, hakukawia kuzigundua. Kumcheka mtu kwa tabia yake humrekebisha. Kumcheka kwa asili yake humtenga. Mtoto wa Kisomali anayedhihakiwa kwa matamshi yake hujifunza kunyamaza.

Katika eneo hili, kutengana kumegharimu maisha. Novemba 2014, magaidi wa Al-Shabaab waliwaua abiria 28 wa basi karibu na Mandera, walimu wakiwa miongoni mwao. Aprili 2, 2015, waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, huku wakiwatenga wanafunzi kwa misingi ya dini. Walimu wengi wasio wenyeji waliondoka, na hasara ikawaangukia watoto wa wafugaji waliobaki madarasani bila wa kuwafundisha.

Wanjau alifariki Julai 12, 2015. Desemba mwaka huo, basi jingine lilivamiwa karibu na El Wak. Washambuliaji waliwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo, nao wakakataa. Wanawake Waislamu waliwapa wenzao hijabu ili wasitambulike. Mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi katika tukio hilo, aliaga dunia Januari 2016.

Ujasiri wa aina hiyo hauzuki siku ya hatari. Hujengwa sokoni, darasani na hata mbele ya runinga, mtu anapozoea kumwona jirani wa kabila au dini nyingine kuwa mwenzake. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.