Mafuta ya Karafuu Hutolewaje kwa Hewa?

Jino likikuuma usiku, huenda unaweka karafuu juu yake. Maumivu hupungua. Ndani ya karafuu mna mafuta. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho yujenoli. Hicho ndicho kinachotia ganzi.

Je, mafuta hayo hutolewaje? Kisiwani Pemba, katika kiwanda cha Wawi, makonyo ya karafuu hupitishwa mvuke. Mvuke hubeba mafuta. Ukipoa hugeuka maji, na mafuta hujitenga. Njia hii ni nzuri, lakini inataka moto mwingi, na joto lake hubadilisha baadhi ya vitu vilivyomo.

Siku hizi viwanda vingine duniani hutumia hewa. Ndiyo, hewa! Ni hewa ukaa, ile uitoayo unapopumua, ile ile inayotoa mapovu katika soda. Karafuu zilizosagwa hutiwa ndani ya mtungi wa chuma kinene. Kisha hewa ukaa hushindiliwa humo kwa nguvu inayozidi mara 73 nguvu ya hewa iliyotuzunguka. Hewa ya tairi la gari dogo haifiki hata mara 5. Joto nalo hupita nyuzi 31. Hilo ni joto dogo, kwani mwili wako una nyuzi 37 na maji huchemka kwa nyuzi 100.

Hapo hewa ukaa si hewa tena, wala si maji. Hupenya kama hewa, na huyeyusha mafuta kama maji yanavyoyeyusha chumvi. Ikifunguliwa, huruka. Mafuta hubaki.

Kazi kubwa ni kupata kipimo. Mama anayekuna nazi anajua: vipande vikubwa havitoi tui. Karafuu nzima nazo hubaki na mafuta yake. Zikisagwa laini mno hushikamana, hewa ikapita pembeni. Nguvu ikizidi, nta nayo hutoka, mafuta yakawa mazito.

Usijaribu kazi hii kwa mtungi wowote nyumbani. Mtungi ukipasuka huua.

Mafuta yenyewe ni makali, hata yakitolewa kwa njia gani. Yaweke mbali na watoto. Mtoto mdogo akinywa kijiko kimoja au viwili vya chai, anaweza kuzimia na ini lake kuharibika. Usimtapishe. Mkimbize hospitali, na chupa uichukue ili mganga aione.