Kilichoandikwa Juu ya Chembe Nyekundu

Mtaalamu wa maabara anaweka kigae cheupe mezani na kudondosha matone matatu. La bluu lina kingamwili za kushika antijeni A, yaani alama iliyo juu ya chembe nyekundu, la njano za kushika B, na lile lisilo na rangi za kushika D, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Rhesus. Kwenye kila tone anaongeza damu kidogo ya mchangiaji, anakoroga kwa kijiti, kisha anainamisha kigae huku na huku taratibu. Dakika mbili hazipiti kabla majibu hayajaonekana. Chembe zikishikana vipandevipande kwenye bluu tu, hilo ni kundi A. Kwenye njano tu, B. Kwenye yote mawili, AB. Damu ikibaki laini kwenye yote mawili, ni O. Chembe zikishikana kwenye tone la tatu, damu ni Rhesus chanya; zisiposhikana, ni hasi.

Kipimo hiki kimetokana na kazi ya Karl Landsteiner, aliyeyatangaza makundi A, B na lile tunaloliita O leo mjini Vienna mwaka 1901. Hapa kwetu kinafanyika kila siku, hata kwenye kituo cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama cha Kanda ya Nyanda za Juu Kusini kilichopo Mbeya. Sura ya jumla ya Tanzania inafahamika: karibu nusu ya watu ni O, A ni robo hivi, B inaifuata kwa karibu, na AB ni wachache sana. Wenye Rhesus hasi ni adimu zaidi kuliko Ulaya, ambako hufika kama 15 kwa kila watu 100. Kwa hiyo jokofu hujaa O chanya, na hiyo hiyo ndiyo huisha kwanza basi likipinduka Mlima Kitonga. Mama mjamzito mwenye Rhesus hasi anayetokwa damu usiku ana wachangiaji wachache mno wa kumfaa.

Kwa nini O iwe nyingi kiasi hicho? Jibu moja lenye nguvu ni malaria. Chembe zilizoingiwa na vimelea vya malaria aina ya falsiparumu huwakusanya majirani zao wazima, na mafungu hayo huziba mishipa midogo ya damu. Sukari za A na B zilizo juu ya chembe huyafanya mafungu hayo yakaze. Chembe za O hazina sukari hizo, hivyo mafungu yake hulegea, na mtoto wa kundi O hupata nafuu fulani dhidi ya malaria kali. Malaria imeacha alama nyingine pia kwenye chembe nyekundu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka nchini humo mwaka 1949 akikusanya damu ili apime makundi. Aliona kwamba jeni ya sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu, ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Viktoria lakini haba nyanda za juu, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba malaria ndiyo sababu.

Msomaji wa Mbeya atataka kujua kama basi mji wake, ulio mita 1,700 hivi juu ya bahari, una damu tofauti na ya Kyela kando ya Ziwa Nyasa, ambako mbu hawapumziki. Mimi ningekwenda polepole hapo. Watu wamehama haraka kuliko antijeni zinavyobadilika: Mnyakyusa wa Tukuyu ana shamba la mpunga Kyela, na Mkinga ana duka Mwanjelwa. Tena wachangiaji wengi ni wanafunzi, na shule ya Iringa huwa na watoto wa mikoa mingi. Orodha ya wachangiaji inatueleza nani alinyoosha mkono siku ile, si nani mwenyeji wa mlima.

Lakini A, B na D ni mwanzo tu. Antijeni zinazotambuliwa leo zimepita 300. Duffy, kwa mfano, ndiyo mlango ambao vimelea vya malaria aina ya vivaksi huutumia kuingia kwenye chembe. Waafrika wengi hawana Duffy juu ya chembe zao, na mwaka 1976 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba hiyo ndiyo kinga yao dhidi ya vimelea hivyo.

Haya yote humgusa zaidi mtoto wa sikoseli, anayeongezewa damu mara kwa mara. Kila chupa inaweza kumletea antijeni ngeni. Mwili wake ukiunda kingamwili, chembe za chupa ijayo zenye antijeni hiyo zinaweza kuvunjwavunjwa mwilini mwake. Ndiyo maana inashauriwa damu yake ilinganishwe pia kwa antijeni C, E na K. Kwa bahati njema Waafrika wengi hawana hizo, na mchangiaji wa jirani mara nyingi humfaa bila hata kujua. Uingereza hali ni kinyume: aina ya Rhesus iitwayo Ro, iliyo ya kawaida kwa zaidi ya nusu ya watu weusi, hupatikana kwa wachangiaji 2 tu katika 100, na wagonjwa wa sikoseli wa London wanaihitaji kila wiki.

Kuna pengo lingine linaloniumiza. Chembe za kupimia zinazonunuliwa ng'ambo hutengenezwa zaidi kwa damu ya Wazungu. Antijeni kama V, VS na Jsa, ambazo ni za kawaida zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Wazungu, mara nyingi hazimo. Mgonjwa anaweza kuwa na kingamwili dhidi ya VS, kipimo kikasema hana kitu, kisha akaongezewa damu yenye VS. Chembe za kuziba pengo hilo zipo kwenye mikono ya wanafunzi wa Mbeya na Iringa wanaochangia kila muhula, na kinachotakiwa ni kuwapima wachache wao kwa kina na kuwaomba warudi.