Neptuni: Jua Hafifu, Upepo Mkali

Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wanajua vizuri kazi ya jua katika kuleta upepo. Kaskazi na kusi hupishana kila mwaka kwa sababu jua hulipasha joto bara la Asia na Bahari ya Hindi kwa viwango tofauti, na hewa hukimbilia kwenye mgandamizo mdogo. Kwa hesabu hiyo, sayari iliyo mbali kuliko zote na Jua ingetarajiwa kuwa tulivu kuliko zote. Lakini Neptuni ndiyo yenye upepo mkali kupita sayari nyingine zote zinazolizunguka Jua letu.

Neptuni iko kilomita bilioni 4.5 hivi kutoka kwenye Jua, mara 30 ya umbali wa Dunia, na mwanga unaoifikia ni kama sehemu moja kati ya 900 ya ule tunaoupata sisi. Hata hivyo, chombo cha Voyager 2 kilipoipita Agosti 1989, vipimo vyake vilionyesha pepo zinazozidi kilomita 2,000 kwa saa. Karibu na ikweta zilikuwa zikivuma kuelekea magharibi, kinyume na mzunguko wa sayari yenyewe. Duniani, tukiacha tonado, upepo mkali kuliko wote uliowahi kupimwa ulifikia kilomita 408 kwa saa, katika Kisiwa cha Barrow nchini Australia, mwaka 1996.

Angahewa ya Neptuni ni hidrojeni kwa takriban asilimia 80, heliamu asilimia 19, na methani kidogo. Methani hufyonza mwanga mwekundu, ndiyo maana sayari huonekana ya buluu. Pale ambapo mgandamizo unalingana na wa usawa wa bahari yetu, baridi hufika nyuzi 201 chini ya sifuri, na methani hugeuka chembe za barafu zinazofanya mawingu meupe.

Basi nguvu ya kuendesha pepo hizo inatoka wapi? Sehemu yake inatoka ndani. Neptuni hutoa joto mara 2.6 ya lile inalopokea kutoka kwenye Jua, na sehemu kubwa ya joto hilo huaminika kuwa masalia ya kuumbwa kwake. Joto linapopanda kutoka vilindini, hewa nayo hupanda na kushuka.

Lakini joto la ndani pekee halimalizi swali. Jirani yake Uranu hutoa joto dogo sana la ndani, na bado pepo zake hufikia kilomita 900 kwa saa. Kinachofaa kutazamwa zaidi ni kinachouzuia upepo. Hapa Duniani hewa hukwaruzana na milima, misitu na mawimbi, na nguvu yake hupotea upesi. Neptuni haina ardhi ya kukanyagika; gesi huzidi tu kuwa nzito kadiri unavyoshuka. Vipimo vya mvutano wake vinaonyesha pia kwamba pepo hizo hazizidi kina cha kilomita 1,000 hivi, tabaka jembamba kwa sayari yenye kipenyo cha karibu kilomita 49,500. Kwa hiyo hata nishati kidogo hutosha kuusukuma upepo, kwa kuwa ni kidogo tu kinachoupunguza kasi.

Hali ya huko hubadilika pia. Mwaka 1989 Voyager 2 iliona doa jeusi, dhoruba yenye upana unaokaribia wa Dunia. Darubini ya Hubble ilipotazama mwaka 1994, doa lilikuwa limetoweka, ilhali lile jekundu la Mshtarii limeangaliwa kwa zaidi ya miaka 150. Tangu hapo madoa mengine yameonekana Neptuni, yakazuka na kufifia.

Chombo kimoja tu ndicho kilichowahi kuifikia sayari hii, nacho kilipita bila kutua wala kuizunguka. Wakati huohuo, sayari nyingi zilizogunduliwa kwenye nyota nyingine zina ukubwa ulio kati ya Dunia na Neptuni. Tutazielewa vipi ikiwa hizi mbili za kwetu, Uranu na Neptuni, tumezipitia mara moja moja tu? Mwaka 2022 Akademia za Kitaifa za Marekani zilipendekeza chombo cha kuizunguka Uranu na kutumbukiza kipima hewa ndani yake. Pendekezo hilo litekelezwe, na Neptuni ifuate. Nadharia zetu za hali ya hewa zimejengwa juu ya sayari yenye ardhi na jua la karibu. Mahali pa kuzijaribu kwa haki ni pale ambapo vyote viwili havipo.