Kabla ya Kununua Sensa, Kagua Mkanda

Kwenye gereji za Igoma, kandokando ya barabara ya Musoma, "sensa imekufa" imekuwa hukumu inayotolewa upesi mno. Gari limekata moto, taa ya injini inawaka, fundi anachomeka mashine, namba P0335 inatokea, na mwenye gari anaelekezwa dukani kutafuta sensa ya krenki. Sensa mpya inafungwa. Baada ya siku chache gari lipo palepale gereji. Mashine haikudanganya, ila ilikatishwa maneno. Namba hiyo haisemi kwamba sensa ni mbovu. Inasema umeme wa ishara ya krenki haufiki kwenye kompyuta ya gari inavyotakiwa, na sababu yaweza kuwa waya ulioguguniwa na panya, soketi yenye kutu, au sensa yenyewe. P0016 inakwenda mbali zaidi: krenki na kamshafti hazipatani. Hapo sensa zote mbili zaweza kuwa nzima kabisa, zikiripoti kwa uaminifu kwamba mkanda wa taimingi umeruka jino au mnyororo umelegea. Kuzibadilisha ni kumfukuza shahidi kwa kusema ukweli.

Kila krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti inapaswa kuzunguka mara moja tu, bila kuwahi wala kuchelewa, ndipo valvu zifunguke pistoni ikiwa mahali pake. Chukua puli ya krenki yenye meno 24: mkanda ukiruka jino moja tu, mpangilio umepotea kwa nyuzi 15. Injini yaweza bado kuwaka, lakini kwa shida. Inatetemeka ikiwa sailensa, inakunywa mafuta, na mlimani haina nguvu. Sensa inayokaribia kufa nayo inaleta karibu dalili hizohizo, ndiyo maana kubahatisha kunavutia. Lakini zipo tofauti za kuangalia. Sensa ya krenki inayochoka mara nyingi huzima gari likishapata moto, na likipoa linawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Mkanda ulioruka jino hauponi kwa kupoa. Na ukiwa umekatika kabisa, sikiliza stata: injini inazunguka haraka na kirahisi kuliko kawaida, kwa sauti moja iliyonyooka, bila ule mdundo wa mgandamizo wa silinda.

Watu husema fundi wa mtaani hana vifaa vya uchunguzi wa aina hii. Sikubaliani. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, kipande cha waya kikiunganisha matundu ya TE1 na E1 kinatosha kuifanya taa ya injini ipepese namba, na 12 au 13 zinaelekeza kwenye ishara ya mzunguko wa injini. Kwenye Noah ya zamani yenye injini ya 3S-FE na distributa, fungua kofia ya distributa, mwambie mwenzako apige stata, utazame rota. Isipozunguka wakati krenki inazunguka, shuku mkanda kwanza. Ikizunguka, hamia kwenye alama: mfereji wa puli ya krenki uwe kwenye sifuri ya kava, na kitundu cha puli ya kamshafti kilingane na alama ya juu. Kazi hii inataka spana na subira. Kompyuta haihitajiki.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: magari mengi ya siku hizi yana mnyororo. Kweli, IST yenye injini ya 1NZ-FE haina mkanda wa taimingi hata mmoja, na fundi akikutoza hela ya kuubadilisha, mwombe akuonyeshe ulipo. (Ule wa nje unaoendesha altaneta ni mwingine.) Lakini mnyororo unaishi kwa oili. Oili ikicheleweshwa, unalegea, tenshena inashindwa kuukaza, na P0016 inarudi ileile huku sensa zikilaumiwa.

Dizeli ndiyo isiyosamehe. Noah ya 3S-FE ikikatika mkanda, kwa kawaida valvu hazigongani na pistoni. Utaivuta gereji, ufunge mkanda mpya, uondoke. Hiace yenye 3L au 5L ni habari nyingine: mkanda huohuo unaendesha hata pampu ya dizeli, na ukikatika injini ikiwa kwenye mwendo, unaweza kufungua hedi nzima. Toyota iliweka taa ya T-BELT iwake kwenye kilomita 100,000, lakini taa hiyo inahesabu kilomita tu. Daladala inayosubiri abiria kituoni huku injini inanguruma inachakaza mkanda bila kuongeza hata mita moja kwenye dashibodi. Isitoshe, gari lililonunuliwa mtumba linakuja na kilomita zinazoweza kuwa zimerudishwa nyuma. Kwa hiyo anayenunua gari la mkanda lisilo na kumbukumbu ya matengenezo afunge mpya, akague sili za kamshafti na krenki, maana oili ikivuja inaila mpira, kisha aandike tarehe na kilomita juu ya kava kwa kalamu ya wino mzito.

Linabaki suala la pesa. Mteja hulipia spea bila kinyongo lakini hataki kulipia saa moja ya kupima, basi fundi naye anauza sensa. Mafundi wangefanya vyema kutaja bei ya uchunguzi peke yake kabla ya kushika spana, na mwenye gari adai kuonyeshwa alama za taimingi kabla hajatuma mtu dukani.