Kwa nini nyuki hutupa watoto wao nje?

Mzazi anayefuga nyuki Lyamkena, Makambako, anaweza kufika kwenye mzinga asubuhi akakuta majana meupe yametupwa chini. Mtoto aliyefuatana naye ndiye huuliza kwanza: mbona nyuki wanatupa watoto wao? Swali hilo si la kupuuza. Baba akidhani mzinga umeingiliwa na wadudu akapulizia dawa, ataua kundi zima, na asali iliyotegemewa kwa ada itaishia hapo.

Mara nyingi nyuki wanafanya usafi tu. Kwenye masega huishi utitiri wa rangi ya kahawia uitwao varoa. Jike huingia kwenye kijumba cha jana muda mfupi kabla nyuki hawajakifunika kwa nta, akataga mayai humo, kisha yeye na wanawe wakamfyonza jana. Nyuki vibarua hunusa juu ya kifuniko wakatambua kuna kasoro ndani. Mmoja hutoboa nta, wengine humvuta jana nje, pengine kipande kwa kipande. Jana huyo hupotea, lakini utitiri wachanga nao hufa kabla ya kukomaa, na majana ya jirani husalimika.

Kibarua huchukua takribani siku 21 tangu yai hadi kutoka kijumbani. Nyuki wa Afrika huwahi kidogo, na utitiri hupata muda mfupi zaidi wa kuzaa. Dume huchukua 24, ndiyo maana utitiri hupendelea vijumba vya madume.

Adui mwingine ni mende mdogo wa mizinga, ambaye asili yake ni Afrika. Nyuki humkimbiza hadi kwenye ufa, wakamzungushia gundi na kuweka walinzi. Mfungwa huyo huwagusagusa walinzi mdomoni mpaka wanamlisha! Watoto hupenda kusikia hapo.

Kuna na baridi. Majana huhitaji joto la nyuzi 34 hadi 35, na Juni na Julai kundi dogo hushindwa kuyafunika yote. Yaliyokufa hutupwa pia. Yakitupwa mengi kila siku, au sega likinuka vibaya, aitwe afisa nyuki wa halmashauri.

Mtoto atazame kwa mbali. Jioni, nyuki wakishatulia, mzazi aokote jana moja na kulichunguza nyumbani: varoa huonekana kwa macho, ni kama kichwa cha pini.