Kitenzi "Kuhisi" katika Mafunzo ya Tiba ya Fikra na Mwenendo

Mtoto yatima wa Igowole, katika Wilaya ya Mufindi, akimwambia mshauri, "Nahisi mama alikufa kwa sababu yangu," je, ametaja hisia au wazo? Jibu la swali hili ndilo mlango wa tiba nzima.

Tiba ya fikra na mwenendo, ambayo daktari Aaron Beck alianza kuiwekea misingi huko Philadelphia, Marekani, katika miaka ya 1960, hutenga mambo matatu: tukio, wazo alilo nalo mtu juu ya tukio hilo, na huzuni au hofu inayofuata. Huzuni haiondolewi kwa amri. Lakini wazo lililoizaa laweza kupimwa kama ni kweli. Kwa hiyo anayefundishwa kazi hii hujifunza mapema kutenga wazo na hisia.

Hapo Kiswahili huleta kikwazo chake. Kuhisi ni kupatwa na hali ya moyo, kama "nahisi huzuni". Tena ni kudhani, kama "nahisi hawanitaki". Kitenzi kuona nacho ni vivyo hivyo: "naona uchungu", "naona sina maana". Mshauri asiyeangalia ataliandika wazo mahali pa hisia, na mtoto atarudi nyumbani na hatia yake.

Sarufi yenyewe yatoa kipimo. Ikiwa neno kwamba laweza kutiwa baada ya kuhisi, aghalabu lifuatalo ni wazo; likifuata jina tupu, kama hofu au hasira, ni hisia. Lakini "nahisi nina huzuni" hukubali kwamba, na bado ni hisia. Basi sharti liongezwe swali la pili: je, mtu mwingine aweza kulithibitisha au kulikanusha neno hilo?

Kazi hii si ya madaktari peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulihusu yatima 640 wa Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya. Waliowahudumia walikuwa washauri wasio na taaluma ya magonjwa ya akili, waliofundishwa na kusimamiwa kazini. Na mwisho wa tiba ilionekana kuwa na nafuu kubwa kuliko huduma za kawaida katika sehemu tatu kati ya nne.

Mkoani Iringa, ambako uchunguzi wa 2016–2017 ulikuta virusi vya UKIMWI kwa watu wazima 11.3 katika kila 100, yatima si wachache, na wengi huongea Kihehe nyumbani. Huko mshauri hana budi kuuliza tena: katika lugha ya mama, kuhisi huko ni kupi?